Mkate wa sinia umenigomea, naomba ushauri

Assalam aleikum jamani. Niko Langoni, Lamu. Juzi nilitamani mkate wa sinia na mchele sikuuroweka, nikasema potelea mbali, natumia unga wa mchele wa dukani. Tui nikatia la kopo, hamira kijiko kimoja, sukari, iliki. Uliumuka vizuri, mapovu juu hadi nikajisifu. Kuumimina kwenye sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko, juu ukawa mwekundu, kumbe katikati umenata kama gundi! Mama mkwe alionja, akasema "mtamu", kisha akasogeza sahani pole pole.

Je, kosa ni unga au moto? Ute wa yai utasaidia? Ijumaa nina wageni.