Omega-3 ya mimea: miligramu 1,000 za kwenye chupa ni za kitu gani hasa?

Mwanzisha uzi:
Ndugu wanajukwaa, naombeni ushauri. Sijala nyama wala samaki kwa miaka miwili sasa, na kwa kuhofia kukosa omega-3 nilinunua vidonge vya mafuta ya mbegu za kitani. Mbele ya chupa pameandikwa kwa herufi kubwa "Omega 3-6-9, miligramu 1,000". Nyuma yake, kwa maandishi madogo ambayo nililazimika kuyasogeza dirishani, jedwali linasema kwamba vidonge 2 vina miligramu 1,060 za ALA (omega-3 ya mimea), 300 za asidi ya linoleiki (omega-6) na 360 za asidi ya oleiki (omega-9). EPA na DHA, omega-3 za kwenye samaki ambazo ndizo husifiwa kila siku, hazikutajwa popote. Je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mchangiaji wa kwanza:
Hujaibiwa, ndugu yangu, ila namba ya mbele haijibu swali lako. Miligramu 1,000 ni uzito wa mafuta yote ya kidonge kimoja, ilhali jedwali linahesabu viwili. Ukigawanya, kila kidonge kina miligramu 530 za ALA, kiasi cha kawaida kwa mafuta ya kitani, ambayo zaidi kidogo ya nusu yake huwa ni ALA. Tatizo ni kwamba mwili hubadili asilimia chache tu ya ALA kuwa EPA, na inayofikia kuwa DHA mara nyingi haitimizi hata asilimia 1. Samaki wenyewe huzipata asidi hizo kutokana na mwani, kwa hiyo nawe unaweza kwenda moja kwa moja kwenye mafuta ya mwani, mradi lebo itaje DHA na EPA kila moja kwa namba yake. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inapendekeza miligramu 250 za hizo mbili kwa pamoja kwa siku kwa mtu mzima.

Mchangiaji wa pili:
Hiyo 9 ni pambo tu, kwani asidi ya oleiki mwili hujitengenezea. Linoleiki ni ya lazima, lakini mafuta ya alizeti au ya mahindi huwa nayo tele.
Umesoma orodha ya viambato? Maneno "ya mimea" huweza kuhusu mafuta peke yake, huku ganda likiwa la jelatini, ambayo hutokana na wanyama.

Mwanzisha uzi:
Nimesoma sasa hivi: jelatini ya ng'ombe. Kumbe nyama niliyoikataa mezani nimekuwa nikiimeza kila asubuhi! Vilivyobaki nampa ndugu yangu anayekula kila kitu. Kuna tahadhari yoyote?

Mchangiaji wa kwanza:
Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Kisha pasua kimoja unuse: mafuta ya kitani hutumika pia kutengenezea rangi za kupaka, na yakiharibika kwa hewa na joto hutoa harufu hiyohiyo ya rangi, hata kama tarehe ya mwisho haijafika.
Wewe mwenyewe, kwa ajili ya ALA, huhitaji kidonge. Kijiko kimoja kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa kina takriban gramu 1.6 za ALA. Zisage, kwa sababu mbegu nzima hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia.