Wazazi wote wawili wana presha: je, watoto lazima waipate?

Swali: Wakuu, baba na mama wakiwa wote na presha ya kupanda, mtoto hana pa kukwepea? Kuna kipimo cha jeni cha kuigundua mapema?

Jibu 1: Si lazima. Urithi huchangia takriban asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha kati ya watu. Jeni zinazohusika ni nyingi mno, na kila moja huisogeza kidogo tu, kwa kawaida chini ya milimita 1 ya zebaki. Ndiyo maana kipimo cha jeni hakiwasaidii wengi. Bora mashine ya presha: keti dakika 5, mkono usawa wa moyo, pima mara 2 ukipisha dakika 1. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, muone daktari.

Jibu 2: Naongeza: ipo presha ya jeni moja, ingawa ni adimu. Katika ugonjwa wa Liddle figo hung'ang'ania chumvi, potasiamu mara nyingi hushuka, renini na aldosteroni (kemikali za mwili zinazodhibiti chumvi na presha) huwa chini. Spironolaktoni, dawa ya presha inayozuia aldosteroni, haifui dafu hapo. Dawa ya amiloridi hufanya kazi kwa sababu huziba mlango wenyewe wa sodiamu (ya chumvi) kwenye figo. Presha ikianza kabla ya miaka 30, ulizia vipimo vya potasiamu, renini na aldosteroni.

Jibu 3: Na chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, hata kabla presha haijapanda.