Tanuru kwanza au tochi ya oksijeni kwanza? Bajeti inatosha kimoja

Shanga_Mbichi
Wakuu habarini. Naomba msaada wa kuchagua, muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa. Kazi ni shanga za kioo za kuyeyusha kwenye moto, na kuanzia mwezi ujao ndiyo ajira yenyewe, hakuna mshahara mwingine. Kilichopo ni tochi ya gesi tupu. Fedha inatosha kimoja kati ya hivi:

(a) tanuru dogo lenye kidhibiti cha dijitali
(b) tochi ya gesi na oksijeni, pamoja na mashine ya kuzalisha oksijeni, lita 5 kwa dakika

Kipi kitangulie? Kwa sasa shanga zinapozwa kwenye ndoo ya vermikulaiti, yale madini mepesi yanayozuia joto lisitoke haraka.

Fundi_Tope
Swali lina mashimo kuliko shanga zako. Kioo gani kwa namba ya kutanuka, 104 kile laini au 33 kile kigumu kuyeyuka? Shanga zina ukubwa gani? Unauza shanga tupu au mikufu iliyokamilika? Chumba kina feni ya kutoa hewa nje? Mtungi unakaa wapi? Leta hayo kwanza.

Moto_wa_Bluu
(b) bila kufikiri mara mbili. Tochi ya gesi tupu inavuta hewa ya chumbani, kwa hiyo moto wake ni mpana na una joto dogo. Kioo angavu kikikaa sana kwenye moto wa hivyo kinashika masizi na viputo, na wewe unabaki kuzungusha kijiti, ule waya wa chuma unaoviringishiwa shanga, unasubiri kioo kiyeyuke. Ukiwa na oksijeni unabana moto unakuwa mwembamba kama kalamu, unachora kitone pale unapotaka. Tena bila oksijeni kioo cha 33 kisahau kabisa.

Mama_Tanuru
(a). Tochi mbovu inakuchelewesha, basi. Usipopoza shanga ipasavyo, mteja ndiye atakayeiona hasara, naye hatarudi.

Vermikulaiti haikamilishi kazi ya kupoza. Inapunguza tu kasi ya joto kutoka. Ngozi ya shanga inaganda wakati moyo wake bado una moto. Moyo ukija kupoa unataka kusinyaa, ngozi inakataa, na ule mvutano unabaki humo humo. Shanga inaonekana nzima, inang'aa, inauzika. Siku ikipata mkwaruzo kwenye mdomo wa tundu, inapasuka. Kuondoa mvutano kwenye kioo cha 104 unakishikilia karibu nyuzi 515 za Selsiasi mpaka joto lienee sawa ndani na nje, halafu unakishusha polepole. Ndoo haina uwezo wa kushikilia joto, hata uizungushie blanketi ngapi.

Shanga_Mbichi
Samahani, nilikuwa na haraka. Kioo ni 104, fimbo za kioo za chapa ya Effetre, na kidogo ni mabaki ya 96 niliyopewa. Ukubwa milimita 10 hadi 14, mara mojamoja 20 kwa ajili ya kidani. Nauza mikufu na hereni zilizokamilika, shanga tupu ni chache. Oda ni kama shanga 120 kwa mwezi. Kazi inafanyika kwenye chumba cha pili, dirisha linafunguliwa. Mtungi uko chini ya meza.

Fundi_Tope
Kabla ya tanuru, kabla ya tochi, kabla ya hata kumjibu muuzaji: toa huo mtungi nje leo. Propani na butani zote ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hazipandi kwenda dirishani, zinatandaa sakafuni zikisubiri cheche. Mtungi ukae nje, umesimama wima, mpira upitishwe ukutani, na kila kiungo ukipake povu la sabuni. Povu likitoa viputo, kaza upya. Mpira uwe wa daraja linalofaa propani, maana ule uliotengenezewa asetilini tu unaliwa na propani taratibu kutokea ndani.

Na dirisha wazi siyo uingizaji hewa. Unahitaji bomba na feni inayovuta juu ya moto kwenda nje, na upenyo wa hewa safi kuingia kutokea nyuma yako. Monoksidi ya kaboni haina harufu.

Moto_wa_Bluu
Hapo umenena. Ila turudi kwenye hesabu.

Mama_Tanuru
Haya, tupige hesabu basi. Chukua shanga ya milimita 12, duara, rangi moja na vitone. Tuseme dakika 6 kwa tochi ya gesi tupu na dakika 4 kwa ile ya oksijeni. Shanga 120 ni saa 12 dhidi ya saa 8. Umeokoa saa 4 kwa mwezi mzima. Mkufu mmoja ukirudi umepasuka, kuufumua, kutengeneza shanga nyingine inayofanana na kuusuka upya kunakula saa 2, na hapo sijagusa gharama ya kutuma.

Moto_wa_Bluu
Hesabu hiyo ni ya shanga za duara tu. Weka tabaka la kioo angavu juu ya maua uone hizo dakika 6 zinavyogeuka 20. Kitu kingine, rangi. Turkwazi ina shaba ndani. Moto wenye gesi nyingi na oksijeni kidogo unaigeuza juu inakuwa na utando mwekundu wa matofali. Kwenye tochi ya gesi tupu huna kitasa cha kurekebisha hilo, unachoweza ni kusogeza shanga mbali na mdomo wa tochi na kuomba heri.

Kidani_Kizito
Naingilia kati. Mwenye uzi amesema ana mabaki ya 96 pamoja na 104. Hamjaliona hilo?

Kuna mzigo mmoja ninaoufahamu vizuri, shanga 64 za milimita 18, moyo mweupe na tabaka angavu juu. Zilipozwa kwenye vermikulaiti. Tano zilipasuka humo humo ndooni, zikatupwa. Hamsini na tisa zilizobaki zikaoshwa, zikatobolewa tope kwenye matundu (lile linalopakwa kijiti ili shanga isigande), zikakaguliwa kwa jicho na kusukwa mikufu minne. Wiki ya pili mkufu wa kwanza ukarudi na shanga mbili zimegawanyika. Wiki ya nne wa pili, huo uliachwa juani kisha ukaoshwa kwa maji baridi. Kila mtu akasema ni ndoo, likanunuliwa tanuru. Shanga zote zilizobaki zikapandishwa taratibu hadi nyuzi 515, zikashikiliwa saa nzima, zikashushwa nyuzi 50 kwa saa. Zilitoka na nyufa nyingi kuliko zilivyoingia! Ndipo fimbo zikachunguzwa moja moja. Kile kioo angavu kilikuwa cha 96, kilichanganyika kwenye kopo la 104 kwa sababu fimbo angavu zote zinafanana.

Hizo namba ni kiasi kioo kinavyotanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa. Ukiuvika moyo wa 104 ngozi ya 96, moyo unasinyaa zaidi kuliko ngozi yake kila vinapopoa pamoja. Hakuna ratiba ya tanuru inayotibu hilo. Mikufu yote minne ikafumuliwa.

Mama_Tanuru
Huo ni uzembe wa kuhifadhi fimbo. Haubadilishi hoja ya kupoza.

Kidani_Kizito
Sijasema unaibadilisha. Nasema anunue tanuru halafu aendelee kuchanganya, atakuja hapa kulaumu tanuru. Usome ufa wenyewe. Ukifuata mpaka wa rangi mbili, kama ganda linalobanduka, ni vioo visivyopatana. Ukikata moja kwa moja kutoka tundu hadi ubavuni bila kujali rangi, ni joto au upozaji.

Shanga_Mbichi
Zangu zilizopasuka zilikata kutoka tunduni. Kama 3 katika kila 40, nyingi zile kubwa.

Fundi_Tope
Hizo ni zile ulizoziona. Kapime zilizobaki. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta ya LCD, mwanga wake tayari umechujwa upande mmoja. Shika shanga mbele yake, itazame kupitia miwani ya jua ya polaroidi, zungusha miwani mpaka skrini iwe nyeusi. Shanga iliyopoa vizuri inabaki nyeusi pamoja na skrini. Yenye mvutano inawaka, hasa kuzunguka tundu. Ni kwa shanga angavu tu, zisizopitisha mwanga huwezi kuzipima hivyo.

Moto_wa_Bluu
Hicho kipimo kizuri. Bado nasema shanga ndogo za milimita 10 zinastahimili ndoo muda mrefu tu. Wapo wanaouza hivyo.

Mama_Tanuru
Wapo. Je, wanawaambia wateja?

Rangi_Saba
Mimi swali langu ni dogo: ni lazima shanga iingie tanurini ikiwa bado ya moto? Au inaweza kungoja?

Mama_Tanuru
@Rangi_Saba inaweza kungoja. Unapoza ndooni, ukifikisha shanga 60 au 80 unazipandisha zote pamoja. Kutoka baridi usizidi nyuzi 200 kwa saa mpaka 515, shikilia nusu saa kwa milimita 12, saa nzima kwa milimita 20 na zaidi. Shusha nyuzi 50 kwa saa hadi 370, kisha zima na uache mlango umefungwa mpaka asubuhi. Umeme ukikatika katikati usifungue kuchungulia. Ukirudi, anza ratiba upya tangu mwanzo, kioo hakikumbuki kosa la kwanza kikishapozwa sawasawa. Njia hii haisaidii shanga zitakazopasuka ndooni kabla ya kufika tanurini, na kubwa ndizo zinazotangulia kufa.

Ongezeo: usiamini namba ya kidhibiti siku ya kwanza. Kihisi joto kinasoma pale kilipo, na karibu na mlango panaweza kuwa na tofauti. Laza uzi wa kioo wa milimita 2 juu ya nguzo mbili ndogo, pandisha polepole. Pale unapoanza kulegea na kupinda katikati, shusha nyuzi 20 hadi 30, hiyo ndiyo 515 ya tanuru lako hata kama skrini inasema 530.

Moto_wa_Bluu
Na mashine ya oksijeni je? Mbona hamuizungumzii? Haihitaji kujazwa, haihitaji regyuleta ya shinikizo kubwa, inakula takriban wati 350 tu. Tanuru dogo linakula kama kilowati 1.5 likiwa linapanda.

Fundi_Tope
Haihitaji kujazwa, lakini ndani ina chembe zinazonasa nitrojeni, na unyevu unaziua. Ukinunua iliyotumika usiulize imetumika saa ngapi tu, pima usafi wa oksijeni inayotoka. Nzuri inatoa zaidi ya asilimia 90. Ikishuka hadi 80 taa ya onyo itawaka na moto wako utakuwa mvivu, wa njano, ukidhani tatizo ni tochi. Chujio la vumbi lioshwe kila wiki. Na umeme ukikatika ukiwa kazini, oksijeni inakufa, moto unabaki gesi tupu, mrefu na wa moshi. Nyusi zako ziwe mbali.

Kuzima: oksijeni kwanza, kisha gesi. Kuwasha: gesi kwanza.

Kidani_Kizito
Gesi yenyewe ni ipi? Kama ni mtungi wa kupikia, mara nyingi ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani inachemka kwenye nyuzi -0.5, propani -42. Mtungi ukipoa kwa kutumika mfululizo, propani inatangulia kuisha, butani inabaki imelala chini haitaki kupanda. Moto unafifia saa ya pili na mtu anadhani tochi imeziba. Tochi nyingi za gesi tupu pia hazifanyi kazi na regyuleta ya jiko, shinikizo lake ni dogo mno.

Shanga_Mbichi
Hiyo ndiyo inayonitokea! Saa ya pili moto unalegea. Nilikuwa nasafisha tundu la tochi kila siku kwa sindano.

Fundi_Tope
Acha sindano, unapanua tundu.

Rangi_Saba
Hizo za milimita 20 unatengenezea hereni?

Shanga_Mbichi
Ndiyo, mbali na kidani, jozi mojamoja.

Rangi_Saba
Basi ndipo hereni zinaporudi. Kioo hicho ni kama gramu 2.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Duara la milimita 10 lina gramu 1.3. La milimita 20 siyo mara mbili, ni mara nane, gramu 10 na ushei. Gramu 10 kila sikio, mvaaji anavua kabla ya saa sita. Bapa, yaani diski ya milimita 20 yenye unene wa 5, inaonekana kubwa vilevile kwa chini ya gramu 4.

Halafu midomo ya matundu. Ikiwa imechongoka inakata uzi. Kioo kikiwa bado laini kiache kijikusanye, midomo iingie ndani kama kitovu. Midomo ikichongoka ujue uliweka kioo kidogo kwa upana uliotandaza. Hata waya wa kusukia uliosokotwa kwa nyuzinyuzi 49 haustahimili mdomo kama kisu.

Moto_wa_Bluu
Sasa tumefika kwenye nyuzi. Uzi wa tochi umekufa.

Kidani_Kizito
Haujafa. Shanga_Mbichi, katika zile 120 za mwezi, ngapi zina tabaka angavu juu? Hilo ndilo litakaloamua kama zile saa 4 za Mama_Tanuru ni 4 kweli au 20.

Shanga_Mbichi
Kama 30. Lakini ndizo zinazouzika haraka zaidi. Mtungi nimeshautoa nje. Nimepima shanga 12 angavu kwa ile njia ya skrini, 9 zinawaka. Muuzaji kaongeza siku tatu.

Moto_wa_Bluu
30 kwa dakika 20 ni saa 10 peke yake. Si nilisema.

Mama_Tanuru
9 kati ya 12. Si nilisema.

Fundi_Tope
Mlango wa hilo tanuru unafunguka mbele au juu? Ukifunguka juu, huwezi kuingiza vijiti ukiwa kazini bila kumwaga joto lote, kwa hiyo utabaki na ndoo hata ukilinunua.

Shanga_Mbichi
Juu nadhani. Ngoja nimuulize.

Rangi_Saba
Ukimuuliza, niulizie na tope la kupaka vijiti. Langu linabanduka kijiti kikiingia motoni, nalikausha usiku kucha.

Fundi_Tope
@Rangi_Saba vijiti umevikwaruza kwa msasa kwanza, au umepaka juu ya chuma laini chenye mafuta ya kiwandani?