Naomba ushauri: mazoea ya karantini yamegoma kuwatoka walio hatarini kupata kisukari

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa mnaowasimamia watu ambao sukari imepanda ila haijafikia kisukari, yaani HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita) ya asilimia 5.7 hadi 6.4.

Zuio la kutoka nje la 2020 liliisha zamani, mazoea yake yamebaki: kutafunatafuna ovyo, kulala usiku wa manane na, baya zaidi kwa maoni yangu, kukaa kutwa. Msuli wa paja usipofanya kazi hufyonza sukari kidogo, hivyo kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Lengo la dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki wanalijua. Shida ni mtu kutembea nusu saa asubuhi kisha kukaa masaa tisa mfululizo. Kuinuka kila nusu saa na kutembea dakika tatu, hasa baada ya kula, kunasaidia kweli. Lakini mizani isiposogea ndani ya wiki mbili, wanakata tamaa.

Mnawashikiliaje hadi HbA1c irudiwe baada ya miezi mitatu? Na mlo wa usiku, mnausogeza dakika 15 kila baada ya siku chache au mnaurudisha mapema kwa mkupuo? Wenye zamu za usiku je?