Data za zahanati za visiwani zinakatikia mwaloni: tatizo ni antena au mfumo?

kasia_la_data:
Wakuu, naomba msaada. Zahanati nne za visiwa vya Ukerewe hazina laini ya kuaminika. Kila moja ina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) yenye Wi-Fi ya 2.4 GHz. Boti tatu za abiria nazo zina Pi ya kubebea mzigo hadi Nansio kwenye intaneti. Boti ikikaribia mwalo, zinaonana kama sekunde 90. Mzigo ni picha za rejista, MB 40 kwa siku kila zahanati, faili moja la zip. Tunatumia rsync (programu ya kunakili faili) yenye --remove-source-files (inafuta faili la chanzo likishatumwa). Mara faili linakatika, mara linafika Nansio halifunguki na zahanati imeshalifuta. Ninunue antena kubwa zaidi?

nodi_kavu:
Antena acha kwanza. Piga hesabu: MB 40 ni megabiti 320, kwa Mbit/s 10 ni sekunde 32, zinatosha. Ila kujiunga na Wi-Fi na kusubiri DHCP (kupewa anwani ya IP) kunaweza kula sekunde 10 hadi 15, na boti ikiwa mbali kasi inashuka hadi Mbit/s 1 au 2. Weka IP zisizobadilika kwenye nodi zote (yaani kila Pi). Kisha kata faili vipande vya MB 1. Kwa Mbit/s 2, kipande kinachukua sekunde 4, kwa hiyo boti ikiondoka ghafla umepoteza sekunde 4 tu. Rsync bila --partial (chaguo la kubakiza faili lililokatika) inatupa hata kile kilichokwisha kufika.

Na usijaribu kufungua muunganisho mmoja wa TCP (njia ya kawaida ya kutuma data mtandaoni) kutoka zahanati hadi seva kupitia boti. TCP inataka njia nzima iwe hai kwa wakati mmoja, na kwako haiwi hai hata siku moja. Kila nodi ipokee, ihifadhi, ndipo ipeleke mbele.

mlinzi_wa_foleni:
Naongezea hapo kwenye "ihifadhi", maana ndipo faili zako zinapofia. Linux ikisema imeandika, data inaweza kukaa kwenye RAM sekunde 30 hivi kabla ya kugusa kadi. Nahodha akizima injini na Pi ikazimika nayo, kipande kimepotea huku zahanati imeshaambiwa "nimepokea". Boti ifuate mpangilio huu: iandike kwa jina la muda, ikague SHA-256 (alama ya kuthibitisha data haijabadilika), fsync ya faili (kulazimisha data iandikwe kwenye kadi), rename (kulipa jina la kudumu), fsync ya saraka, ndipo itume uthibitisho. Uthibitisho wenyewe ukipotea, zahanati itatuma tena. Boti itambue kitambulisho cha kipande, itupe nakala, lakini ithibitishe upya. Isipothibitisha, kipande hicho kitarudiwa kila safari.

Hizo ni rejista za wagonjwa, kwa hiyo zifungwe kwa ufunguo wa umma wa Nansio (Nansio pekee ndiyo inaweza kuzifungua) kabla hazijatoka zahanati. Boti haina sababu ya kuweza kuzisoma.

kasia_la_data:
Nimeelewa. Je, nitumie Bundle Protocol (itifaki ya kuhifadhi vifurushi vya data na kuvipeleka mbele kwenye mitandao inayokatika) moja kwa moja? Na boti zigawane nakala?

nodi_kavu:
Unaweza, toleo la 7 (RFC 9171) lina utekelezaji huru kama µD3TN na dtn7. Angalia mambo mawili. Dhamana ya nodi kwa nodi (nodi kupokea jukumu la kufikisha kifurushi) iliyokuwamo RFC 5050, toleo la awali, imeondolewa kwenye toleo hili, hivyo utaratibu wa mlinzi utaujenga mwenyewe. La pili ni saa: Pi 4 haina saa yenye betri. Ikiwaka na tarehe ya zamani, vifurushi vyake vinaonekana vimekwisha muda na nodi inayofuata inavifuta kimyakimya. Funga DS3231 (saa ndogo yenye betri), au tumia muda wa kuundwa 0 pamoja na bloku ya umri (inayohesabu muda tangu kifurushi kiundwe).

Nakala mbili kwa boti mbili za kwanza zinatosha. Kumwagia kila boti kila kitu hakutajaza kadi (MB 160 kwa siku, wiki nzima GB 1.1), ila kunakula zile sekunde 90. PRoPHET (itifaki ya kuchagua njia ya kifurushi) pia iache: inakisia nani atakutana na nani, na boti zako zina ratiba.

mlinzi_wa_foleni:
Ufutaji: Nansio irudishe kwa boti orodha ya vitambulisho vilivyofika salama. Zahanati na boti zifute vilivyomo humo tu. Kadi ya boti ikijaa, ikatae kupokea. Isipokee halafu ikafuta cha zamani.