Kubadili kerneli kwenye seva inayofanya kazi: kexec, livepatch au kuzima na kuwasha?

Msimamizi_TA: Wakuu, salaam. Nina seva ya Debian 12 (aina ya Linux) yenye hifadhidata ya PostgreSQL, watu wako juu yake mchana kutwa. Kerneli mpya (kiini cha Linux) imeshashuka na apt, ila `uname -r`, inayotaja kerneli inayoendeshwa, bado inaonyesha ya zamani. Mashine yenyewe ni ya siku nyingi. Ukiizima na kuiwasha, inakagua rami na kadi ya RAID (inayounganisha diski) mpaka unachoka, GRUB (inayopakia kerneli) hata haijatokea. Nasikia kuna kexec, nasikia kuna livepatch. Mnatumia ipi?

kibao_cheusi: Kexec, bila kufikiria mara mbili. Imo ndani ya Linux tangu 2.6.13, mwaka 2005. Kerneli ya sasa inaipakia mpya kwenye rami kisha inairukia, baiosi (programu ya kwanza mashine ikiwaka) na GRUB hazihusiki kabisa.

`kexec -l /vmlinuz --initrd=/initrd.img --reuse-cmdline`
`systemctl kexec`

Usiguse `kexec -e`. Hiyo inaruka papo hapo bila kuzima huduma, na Postgres itaamka kama vile umeme ulikatika.

Msimamizi_TA: Kwa hiyo watumiaji hawatahisi kitu?

mama_seva: Watahisi, mkuu. Kexec inaondoka na kila programu iliyokuwa inaendeshwa, Postgres ikiwemo. Unachookoa ni muda wa baiosi tu. Isiyokatiza kazi ni livepatch: kerneli inabaki ile ile, ila fanksheni yenye kasoro ikiitwa, ftrace (chombo kilichomo ndani ya kerneli) inaupeleka wito kwa iliyorekebishwa. Iliingia Linux 4.0 mwaka 2015, baada ya Red Hat kuja na kpatch na SUSE na kGraft, kila mmoja kivyake.

Lakini hiyo ni ya kuziba mianya ya usalama. Hutoki 6.1 kwenda 6.12 kwa njia hiyo. Tena lazima awepo mtu wa kukuandalia viraka. Ubuntu wanavyo, bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5. Debian yenyewe haitoi huduma hiyo.

kibao_cheusi: Basi tumerudi kwenye kexec 😄

jogoo_wa_raki: Taratibu jamani. Kexec haivirudishi vifaa kwenye hali ya mwanzo kama baiosi inavyofanya. Kadi ya RAID au ya mtandao ikiachwa katikati ya kazi, dereva anaweza kuikuta haieleweki. Kadi za michoro ndiyo usiseme. Secure Boot (inayokubali kerneli zilizosainiwa tu) ikiwa imewashwa, `kexec -l` inaweza kugoma. Ongeza `-s`, na kerneli iwe imesainiwa.

Halafu hili watu hawalisemi: ukiruka kwa kexec kila mara, GRUB haijaribiwi. Mtu kabadilisha diski, kasahau kusakinisha GRUB kwenye ile mpya, na utalijua hilo siku umeme ukikatika saa nane usiku. Mashine yenye data naizima na kuiwasha kawaida, nikiwa mbele yake.

mama_seva: Naungana naye nusu. Kerneli ya kila mwezi, kexec inatosha. Ukisasisha baiosi au femuwea (programu ya ndani ya kadi) ya RAID, hapo zima kabisa, kexec haitakusaidia.

Msimamizi_TA: Seva iko mkoa mwingine, na IPMI (ya kuisimamia kwa mbali hata ikigoma kuwaka) haina.

jogoo_wa_raki: Basi kexec kutoka mbali sahau. Panda basi.

kibao_cheusi: Hapo sina ubishi. Ukifika, izime na kuiwasha kabisa safari hii. Kabla hujaondoka huko endesha `systemctl --failed`, uone huduma zilizoshindwa kuwaka.