Tupeane uzoefu: gemu yako ya Linux, leo bado inafunguka?

Mzee wa Terminali

Wakuu, salaam. Naomba tusimuliane, kila mtu na lake: gemu gani uliicheza kwenye Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, mbadala wa Windows), siku ya kwanza ilikuwaje, na leo ukiibonyeza inafunguka? Swali la mwisho ndilo linaloniuma, maana gemu nimeziona zikizinduliwa kwa shangwe, na nyingine nimeziona zikifa huku faili zote zipo.

Naanza na langu. Kabatini nina diski ya gemu ya Linux niliyonunua zama za Loki Software. Kwa waliokuja juzi: Loki ilianzishwa Marekani mwaka 1998, kazi yake kuchukua gemu za Windows na kuzihamishia Linux. Ndio waliotuletea Civilization: Call to Power mwaka 1999, kisha Quake III Arena. Mwanzoni mwa 2002 wakafunga.

Diski yangu si ya kwao, ni ya watu wengine wa wakati uleule, na haina mkwaruzo. Nikiendesha faili ya kuanzishia, terminali (dirisha la kuandikia amri) inanijibu kwa mstari mmoja: maktaba fulani, yaani kifurushi cha msimbo ambacho gemu inakitegemea, haipo. Nikiitafuta na kuiweka, inadai nyingine. Nimefuata hadi ya nne, dirisha likafunguka, halafu kimya. Gemu inatafuta /dev/dsp ili itoe sauti, na njia hiyo ya zamani mfumo wangu hauna tena.

Cha Loki kilichobaki hai ni SDL. Aliiandika Sam Lantinga, aliyekuwa mtayarishaji programu wao, na ndiyo maktaba inayoipa gemu dirisha, sauti na padi bila kujali uko mfumo gani. Hadi leo gemu nyingi zinaitegemea. Kampuni imekwenda, kazi ya mikono yake bado tunaila.

Karibuni.

Dada Padi

Shikamoo Mzee. Mimi niliingia Linux baada ya Agosti 2018, Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipotoa Proton, programu ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux, kwa hiyo hizo shida za maktaba sizijui. Yangu ilikuwa ya diski.

Nilikuwa na Windows na Linux kwenye laptopu moja, gemu zote ziko kwenye diski ya NTFS, yaani iliyopangwa kwa mtindo wa Windows. Nikasema kwa nini nipakue tena gigabaiti 60? Nikaielekeza Steam kwenye folda ileile. Gemu zikaonekana zote, nikafurahi. Nabonyeza Cheza, kitufe kinageuka, sekunde mbili tatu, kinarudi Cheza. Hakuna ujumbe wa kosa. Siku nne nimebadilisha draiva, nimebadilisha toleo la Proton, wapi!

Kumbe Proton kila gemu inaitengenezea Windows ya bandia ndani ya folda inayoitwa compatdata, na humo inaweka kiungo chenye jina "c:", yaani herufi c na nukta mbili. Windows hairuhusu nukta mbili kwenye jina la faili. Kwa hiyo kwenye diski ile kiungo ama kinakataa kuumbika, ama kinaumbika halafu Windows ikikagua diski inakiona ni uharibifu. Nilihamishia gemu moja kwenye diski ya ext4, mpangilio wa Linux, ikafunguka mara ya kwanza. Nilikaa nikaiangalia tu menyu yake bila kugusa kitu.

Anayeanza leo, asipoteze siku nne zangu. Gemu ziweke ext4.

Pacha wa Pili

Mimi nilichezea toleo la Linux lenyewe, lile linaloandikwa kwamba linakubali mfumo wetu. Tulikuwa tunacheza na kaka yangu, yeye Windows, mimi Linux, miezi na miezi. Siku moja yeye akapata sasisho, mimi sikupata. Tukaambiwa matoleo hayalingani. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi. Waliolihamisha walikuwa wamemaliza mkataba, hakuna wa kuligusa tena.

Nilichofanya: kwenye sifa za gemu, sehemu ya utangamano, nikailazimisha itumie Proton. Ikashusha toleo la Windows na nikaingia kwa kaka. Ila nilikuta sijaanza hata ukurasa wa kwanza, kwa sababu toleo la Linux lilihifadhi maendeleo yangu folda nyingine kabisa. Nilinakili faili kwa mkono, zikasomeka. Nakiri roho iliniuma, maana gemu ile niliinunua kwa sababu ya alama ya Linux.

Fundi wa Usiku

Naomba niwasemee upande wa watengenezaji. Nina gemu yangu ndogo, niko peke yangu. Injini, yaani programu ninayotengenezea gemu, ina chaguo la kutoa toleo la Linux, nikalitia alama, nikatoa, nikalala.

Asubuhi mchezaji ananiambia nyumba zote hazina milango. Kwangu milango ipo. Msimbo uliita "Mlango.png", faili inaitwa "mlango.png". Kwa Windows hayo ni jina moja, kwa Linux ni faili mbili tofauti. Yule mchezaji hakunitukana. Alinitumia toleo la draiva, logi nzima (kumbukumbu ya yaliyotokea gemu ikiendeshwa), na mstari wenye jina lililokosekana akiwa ameupigia mshale. Nilirekebisha kwa dakika tano. Ripoti nzuri kiasi kile sikuwahi kupata kwingine.

Hata hivyo siku hizi toleo la Linux sitoi. Natoa la Windows, nalijaribu kwenye Proton kabla ya kila sasisho. Mikono yangu miwili haitoshi kutunza matoleo mawili, na Pacha ameeleza vizuri mwisho wa toleo lisilotunzwa.

Mbegu

Fundi, nakuelewa lakini sikubali moja kwa moja. Proton inatafsiri kinachoombwa na DirectX, njia ya Windows ya kuchora picha, kuwa Vulkan, njia ambayo Linux inaielewa, sawa, na inafanya kazi nzuri mno. Lakini toleo la kwetu likifanywa na anayelipenda linafika pengine. Factorio, gemu ya kujenga viwanda, kwenye Linux inaweza kuhifadhi mchezo bila kukusimamisha, kwa sababu mfumo unaruhusu programu ijigawe pacha na pacha ndiye anayeandika diskini. Kiwanda kikubwa, na mkanda hausimami. Hilo ni tunda la mtu kuijua Linux.

Kimya Kingi

Langu fupi. Gemu ya mashindano, timu ya watu watano, miaka miwili. Programu ya kunasa wadanganyifu ikatufungia nje sisi wa Linux, usiku mmoja. Easy Anti-Cheat na BattlEye zote mbili zinaweza kukubali Proton tangu 2021, ila mwenye gemu lazima aruhusu, na wetu hakuruhusu. Wenzangu wanne bado wanacheza. Mimi nasikiliza tu sauti zao.

Dada Padi

Pole sana Kimya. Pole kweli.

Mzee, hiyo gemu yako ya kabatini ilitoka na kwa Windows pia? Kama ndiyo, tafuta toleo hilo, lipitishe kwenye Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Wine wapo tangu 1993, zile njia za Windows za zamani wamezishika kuliko Linux inavyoshika za kwake.

Mzee wa Terminali

Marahaba Dada. Ilitoka kwa Windows, na diski ninayo ya rafiki yangu. Nimejaribu jana usiku.

Kisakinishi kilifunguka na maandishi yake ya mraba yaleyale. Sikutafuta maktaba yoyote. Skrini ikawa nyeusi, kisha muziki wa menyu ukaanza, ule wa filimbi, ambao sijausikia kwa zaidi ya miaka 15. Diski ya Linux bado iko mezani hapa pembeni yangu. Leo nafungua tena ile ya Linux, naanzia kwenye sauti. Kama kuna aliyewahi kuigeuza /dev/dsp ielekee PipeWire, mfumo wa sauti wa Linux wa siku hizi, kwa programu ya biti 32, naomba aandike hatua alizopita.